Grupu la WhatsApp, Telegram, Facebook au jukwaa la wazi: wafugaji tukutane wapi?

Juzi mama mmoja wa mtaa wa pili alinisimamisha nje ya duka la pembejeo, kabeba mfuko wa pumba. "Kaka, si wewe admini wa lile grupu la kuku? Sisi huku kwetu tumefika kama arobaini, tunataka la kwetu. Tulifungulie wapi?" Nikamjibu WhatsApp kabla hajamaliza kuuliza. Kila mtu anayo, hakuna cha kufundishana. Nilipofika nyumbani nikaona nimemjibu kivivu, maana mwaka wa saba huu naendesha grupu la WhatsApp na nusu ya vitu vinavyoniudhi humo vingekuwa vimeshatatuliwa kama tungeanzia mahali pengine. Nusu nyingine ingekuwa mbaya zaidi.

Basi nimekaa nikaandika ninachokijua. Mfano wangu ni kuku kwa sababu ndio nilionao bandani, ila mwenye kikoba, mwenye grupu la wazazi wa shule au la wauza mitumba atajiona humu bila shida.

Swali moja, milango minne

Chukua swali ambalo halipiti wiki sijaliona: "Vifaranga wangu wana siku kumi, wamejikunyata, hawali, kinyesi cheupe kimegandia nyuma. Msaada jamani."

Kwenye grupu letu dogo liliingia saa nne usiku, msimu wa mvua. Haikupita dakika tatu mzee mmoja mstaafu akajibu kwa sauti, sekunde kumi tu: "Piga video, tuone banda lote, usivute karibu." Video ikaja. Vifaranga wamerundikana kona moja wanapandana, na jiko la mkaa walilowekewa limebaki majivu. Umeme ulikatika tangu magharibi. Mzee hakutaja dawa hata moja. "Washa jiko lingine, wazungushie maboksi, acha upenyo wa hewa juu, wape maji ya uvuguvugu yenye glukosi. Wana baridi hao." Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na wiki ya pili unalishusha kidogo kidogo, hulikati ghafla. Kabla ya saa sita ikaingia video ya pili: wametawanyika, wanadonoa. Yule mzee alikuwa na taarifa ambayo mtaalamu wa mbali asingekuwa nayo. Alijua mtaa ule umeme haudumu mvua ikinyesha, na alijua kijana mwenyewe hununua mkaa wa kopo, hauwezi kufika asubuhi.

Swali hilohilo nimeliona likitupwa kwenye grupu la Facebook lenye wanachama maelfu kwa maelfu. Nilihesabu siku hiyo kwa udadisi tu: komenti zaidi ya sitini, dawa kumi na nne tofauti. Huyu anasema OTC (antibayotiki), yule amproliamu (dawa ya kuhara damu), mwingine mwarobaini na kitunguu saumu, wa nne "njoo inbox nina dawa kiboko", wa tano anacheka namna mwuliza swali alivyoandika "vifalanga". Katikati ya msitu ule kulikuwa na daktari wa mifugo aliyeuliza kwanza joto la banda na chanjo walizopata. Jibu lake lilikuwa chini kabisa, lina laiki mbili.

Halafu Facebook ndiyo inayochagua uone nini na lini. Kuna posti ya Jumatatu niliiona Alhamisi. Nikaanza kuandika ushauri, nikateremka chini nikakuta mwenyewe ameshaandika: "Wameisha wote. Asanteni."

Sisemi Facebook haifai. Pale ndipo nilipojua kwamba kuna watu Kisii wanalisha kuku funza wa BSF, yaani wa nzi weusi, wanaowazalisha kwenye mabaki ya jikoni, na pale ndipo mtu wa Bujumbura alipotuonyesha banda la ghorofa la mianzi ambalo hadi leo nalitamani. Grupu la watu arobaini wa kata moja lina akili ya kata moja. Mnajua yaleyale, mnakosea yaleyale, na kama wote mnanunua vifaranga kwa wakala mmoja, hakuna wa kuwaambia kwamba kwingine bei ni nyingine.

Telegram swali la vifaranga linaweza kulala hapo mpaka asubuhi, kisha mtu akakurushia kitabu cha kurasa themanini bila hata salamu. Kwa dharura, hapana. Kwa maktaba, hakuna kinachoifikia: faili la hadi GB 2 linapita, na ratiba ya chanjo, michanganuo ya chakula na video za mafunzo vinakaa palepale ulipoviacha.

Kwenye jukwaa la wazi, yaani tovuti ya mijadala inayosomwa na yeyote, kama JamiiForums, ni bora utafute kabla hujauliza. Wafugaji wana sehemu yao humo, na ugonjwa unaokusumbua leo ulishamsumbua mtu, akauliza, akajibiwa, wakabishana, na miezi miwili baadaye akarudi kueleza ilivyoisha. Hicho kipande cha mwisho, mtu kurudi kueleza ilivyoisha, ni adimu kupita kawaida. Kwenye WhatsApp tunauliza, tunajibiwa, tunaweka emoji ya mikono miwili, basi.

Hasara haisimuliwi mbele ya shemeji

Kuna jambo lilinichukua miaka kuligundua. Grupuni kwetu hajawahi kutokea mtu akaandika alipoteza shilingi ngapi kwenye kuku. Faida tunaitaja, tena na picha ya trei za mayai. Hasara hapana. Sababu ni rahisi: humo yumo shemeji, yumo jirani, yumo mama wa kikoba aliyekukopesha, yumo na mchungaji. Nani ataandika mbele yao kwamba kuku 500 wa nyama walikufa 310 kwa sababu alisahau chanjo ya gumboro?

Kwenye jukwaa la majina ya kubuni mtu anaandika. Anaweka hesabu yote: vifaranga, chakula, maranda, mkaa, vibarua, waliokufa, bei aliyouzia, pengo lililobaki. Wengi wamenusurika kuingia mkenge kwa kusoma hesabu ya mtu wasiyemjua na hawatamjua. Jina la kubuni linamlinda mwongo na tapeli, hilo halina ubishi, lakini linamlinda pia msema kweli mwenye aibu. Kwa magonjwa ya binadamu ni hivyohivyo. Mambo ambayo mtu angemficha hata mkewe anayauliza mchana kweupe akiwa na jina la "Kidume wa Pwani".

Ulinzi huo nao una gharama, na kuna aliyeilipa. JamiiForums ilianza mwaka 2006 ikiitwa Jambo Forums, ikachukua jina la sasa mwaka 2008. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Kesi zikapigwa kalenda miaka mitatu na zaidi, na Aprili 2020 akatiwa hatiani katika mojawapo kwa kuzuia uchunguzi: faini ya shilingi milioni 3 au mwaka mmoja jela. Unapoandika hasara yako kwa jina la kubuni, kumbuka kwamba jina hilo ni imara kadiri anayelilinda alivyo imara.

Facebook ina njia ya katikati. Admini akiruhusu, mwanachama anaweza kuchapisha bila jina, wenzake wasimjue ila admini amwone. Kwa magrupu ya akina mama, kama yale makubwa ya Nairobi yanayosemwa mno, njia hiyo imefungua midomo mingi. Imeleta na umbea wa kutosha, lakini huo ungekuja tu.

Namba yako iko mikononi mwa nani

Hapa ndipo WhatsApp inaponipa homa. Ukiingia grupuni, kila aliyemo anaiona namba yako ya simu. Kwa watu arobaini wanaojuana si tatizo, namba zenu mnazo tayari. Kwa watu mia saba waliokusanywa kwa linki iliyozungushwa kila kona, umewapa wageni mia saba namba ambayo ndiyo pia akaunti yako ya pesa.

Mwaka wa tatu wa grupu letu tuliacha linki wazi. Aliingia bwana mmoja mpole, anaamkia kila asubuhi, anawapongeza watu kwa kuku wao. Hakuuza kitu kwa muda wa wiki tano. Wiki ya sita akaanza kuwafuata watu pembeni mmoja mmoja: ana vifaranga chotara wa siku moja, anakomboa mzigo, tuma nusu, nusu utamalizia ukipokea. Alijua nani ametoka kuuza na nani anatafuta vifaranga, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunajitangaza kila siku. Watu sita walituma. Waliponifuata, bwana alishalefti, picha ya kuku imeondolewa, simu haipatikani. Mmoja wa wale sita ni mjane. Nilimchangia kidogo nilichokuwa nacho, na tangu siku hiyo linki ya grupu letu haipo hewani. Anayeingia anadhaminiwa na mtu mwenye jina na nyumba inayojulikana.

Telegram unaweza kuificha namba ukabaki na jina la mtumiaji. Afadhali. Ila kwa kuwa ni rahisi kujificha, imejaa hao wa "wekeza elfu hamsini upate laki tatu kwa saa mbili". Usipobadilisha mipangilio kuhusu nani anaweza kukuongeza, utaamka uko kwenye grupu la watu elfu nane ambao hujui walikutoa wapi. Na wengi hudhani Telegram ina siri kuliko WhatsApp. Sivyo. WhatsApp imefunga mazungumzo yote kwa usimbaji, asiyekuwemo asiweze kusoma, tangu Aprili 2016, magrupu yakiwemo. Telegram inafunga hivyo kwenye zile chati za siri za watu wawili tu, na grupu haliwezi kuwa chati ya siri.

Ingawa, tuambizane ukweli, siri ya grupu haivujishwi na mitambo. Inavujishwa na mwanagrupu anayepiga picha ya skrini akamtumia shangazi yake.

Nani anakumbuka

Kila Aprili mtu mpya anauliza ratiba ya chanjo. Kila Aprili ninaiandika upya: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena ya 21, gumboro tena ya 28, ndui baadaye wakishakua, na kwa kuku wa kienyeji ile chanjo ya kideri iitwayo I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Nimeandika maneno haya mara nyingi kiasi kwamba kidole gumba changu kinajiendea chenyewe.

Hiyo ndiyo tabia ya WhatsApp. Mgeni akiingia anakuta ukurasa mtupu, labda apatikane mtu wa kumtumia ya nyuma. Mkongwe naye akibadilisha simu bila kuhifadhi, miaka yake yote imekwenda. Kutafuta unatafuta kwenye simu yako, kilichomo ndani ya simu yako, na kwa kuwa nusu ya maarifa yetu ni sauti, hutafuti chochote. Yule mzee wetu mstaafu amefundisha mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote nilichosoma, na karibu yote ni sauti za dakika mbili mbili zilizozama kati ya "amina" na picha za maua ya Ijumaa.

Telegram mgeni anayakuta mazungumzo ya tangu siku ya kwanza, kama admini hakuyafunga. Facebook kuna kisanduku cha kutafutia ndani ya grupu, kinafanya kazi kiasi chake. Jukwaa la wazi ndilo linalokumbuka kweli, kwa sababu Google inalisoma: mtu ambaye hajawahi hata kusikia jina lake, akiandika "kuku kupinda shingo", anaangukia majibu ya watu walioandika miaka kumi iliyopita.

Kwa anayependa kuona vitu vimepangwa:

| | WhatsApp | Telegram | Facebook | Jukwaa la wazi |
|---|---|---|---|---|
| Wanachama wa grupu moja | 1,024 | 200,000 | maelfu kwa maelfu | yeyote |
| Namba ya simu | inaonekana | unaweza kuificha | haionekani | haionekani |
| Mgeni anaona ya zamani | kwa kawaida hapana | ndiyo | ndiyo | ndiyo, hata asiyejiunga |
| Jibu la dharura usiku | zuri | la bahati | la bahati | baya |
| Bando | dogo | wastani, mafaili hula | kubwa, video hujicheza | dogo |

Safu ya bando ni ya kusoma kwa makini kama watu wako ni wa kijijini. Wengi hununua kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee, na linki ya nje ya hapo kwao haifunguki. Unaweza kumwambia mtu "kasome kwenye tovuti" mara kumi. Hatasoma, na wala si mvivu. Jambo hili wataalamu wa mjini hawalijui, ndiyo maana kurasa zao nzuri hazina wasomaji.

Dawa ya uongo inatembea kwa miguu ya rafiki

Kideri ni ugonjwa wa kirusi. Hauna dawa. Kuku akishaanza kuhara kijani na kupinda shingo, antibayotiki haitamponya. Kilichobaki ni kuwatenga wazima, kuzika au kuchoma waliokufa, na kuanza upya na chanjo. Ukweli huu haupendwi. Mtu aliyepoteza kuku 80 kwa siku mbili anataka kitu cha kununua.

Ndiyo maana ile meseji ya mchanganyiko wa pilipili kichaa, majivu na shubiri inarudi kila mwaka. Imeandikwa "tuma kwa wafugaji wengine uokoe kuku", na aliyekutumia ni binamu yako, mtu unayemwamini. WhatsApp walijitahidi: Januari 2019 wakaweka kikomo cha kuforwadi kwa chati tano kwa mkupuo, na Aprili 2020, corona ikiwa imepamba moto, ujumbe ulioforwadiwa sana ukabaki kupita chati moja moja. Imesaidia, lakini mwenye nia ananakili na kubandika, na ile alama ya mishale miwili inayoonyesha ujumbe umetembea sana inapotea.

Kwenye jukwaa la wazi uongo uleule unapata upinzani. Anatokea mtu asiyekujua, asiyekuonea haya, anakuuliza: ulichanja lini, uliwapima waliopona, una uhakika walikuwa na kideri? Wakati mwingine anauliza kwa matusi. Kwenye grupu la ndugu na majirani hakuna anayemsahihisha mama mkwe mbele ya watu. Nimemwona mwanafunzi wa mifugo kutoka SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, akinyamaza kimya mbele ya meseji ya uongo iliyowekwa na baba yake mdogo. Baadaye alinifuata pembeni: "Admini, ifute wewe."

Nikaifuta mimi. Baba mdogo hakusema na mimi hadi Idi.

Kazi isiyo na mshahara

Watu wakilinganisha mitandao hii huangalia vitufe, wakamsahau mtu atakayevibonyeza. Grupu lolote lina mtu anayelilea, na likimkosa linakuwa soko la mishumaa ya maombi na linki za kubeti.

WhatsApp kazi ni nyepesi kwa vifaa, nzito kwa roho. Unaweza kufuta ujumbe wa mwingine, unaweza kulifunga grupu waandike maadmini tu, unaweza kumtoa mtu. Lakini kumtoa mtu ni kumtoa mtu, kesho mtapishana kisimani. Facebook unaweka maswali ya kuingilia na posti hazipiti mpaka uzikubali; nzuri, ila unageuka karani wa posti mia kwa siku, na usipoingia siku mbili watu wanalalamika unawabania. Telegram unaweka boti, programu inayojiendesha yenyewe, ikafukuza wanaotupa linki, haioni haya wala haina shemeji. Kwa kipengele hiki Telegram naipa ushindi bila kusita. Jukwaa la wazi lina wasimamizi wake, wewe ni mgeni tu, huna kazi ila pia huna kauli.

Kuna upande wa sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu chake cha 16 kinampa mchapishaji wa habari za uongo kwa nia ya kupotosha umma faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Kenya wana yao ya mwaka 2018. Grupuni kwetu kanuni ya kwanza kwenye maelezo ni "SIASA HAPANA". Kila uchaguzi kuna mtu huamka na video. Naifuta, namwandikia pembeni kwa adabu, namwita mzee hata kama ni mdogo kwangu. Mpaka sasa imetosha.

Misiba ndiyo sijaipatia jibu. Mwanagrupu akifiwa, grupu linageuka daftari la michango kwa siku tatu, na swali la kuku linapotea. Nilijaribu kufungua grupu la pili la misiba na michango. Watu wakaona nimewatenga waliofiwa. Nikalifuta. Halafu nikitafakari naona pale ndipo WhatsApp inapoishinda mitandao yote: kwenye majukwaa yote ya wazi niliyosoma miaka hii yote sijaona mtu akipelekewa mchele na sukari. Yule mjane wa vifaranga alipofiwa na mwanawe, watu wa grupu walifika thelathini na moja kwa miguu yao.

Siku wakizima

Hili miaka mitano iliyopita nisingeliweka kwenye ulinganisho wa magrupu ya kuku. Sasa lazima. Mei 2025 mtandao wa X, ule uliokuwa Twitter, ulifungwa Tanzania. Septemba mwaka huohuo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90, na kabla ya hapo, Juni 2018, tovuti ilikuwa imejifunga kwa muda kanuni mpya za maudhui zilipodai leseni. Telegram imebanwa Kenya wakati wa mitihani ya KCSE ya kumaliza sekondari, kwa hofu ya karatasi kuvuja. Na kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti yote ilizimika kwa siku kadhaa, grupu kubwa na dogo, la siri na la wazi.

Mimi zile siku nilikuwa na vifaranga 200 wa siku tisa. Nilitoka nikaenda kwa yule mzee mstaafu, kwa miguu, kumwuliza kuhusu chanjo niliyokuwa nimeihifadhi kwenye friji isiyo na umeme. Alikuwa amekaa barazani na kijidaftari cha namba za watu, za kupiga kwa simu ya kawaida. Wa grupu letu walikuwemo kumi na tisa. Mimi mwenye grupu sikuwa na namba hata moja niliyoiandika mahali.

Nilichomwambia

Basi nilirudi kwa yule mama Jumapili, nikamkuta anachambua mchicha.

Nikamwambia: dada, kwa watu wenu arobaini wa kata moja, WhatsApp, sijabadilisha. Mnahitaji kujibiwa usiku na mnahitaji kuzikana. Ila linki usiitoe, kila mgeni awe na mdhamini. Maadmini wawe wawili, mmoja asiwe ndugu yako, ili wa kumwambia mama mkwe awepo. Fungua chaneli ya Telegram pembeni, si ya kuongelea, ni kabati tu: ratiba ya chanjo, namba ya bwana mifugo, bei za chakula. Mgeni akiuliza kuhusu chanjo unamtupia linki, unaokoa kidole gumba. Facebook ingieni kuchungulia mambo ya wenzenu, dawa msichukue huko. Na mtu akitaka kujua kama biashara inalipa, asiwaulize ninyi. Akasome hesabu za wasiojulikana kwenye jukwaa la wazi, kisha arudi.

Kama angekuwa anataka kuunganisha wafugaji wa mkoa mzima, au Watanzania walioko Muscat na Minnesota wenye mabanda nyumbani, ningemjibu vingine: Telegram yenye vyumba vyake, au Facebook yenye admini asiyelala. WhatsApp ikishapita watu mia mbili hivi inakuwa kelele, hata kama inaruhusu 1,024. Namba hiyo ya mia mbili sikuipata popote, ni masikio yangu tu.

Alisikiliza, akaikataa Telegram papo hapo. "Hao wazee wangu WhatsApp yenyewe wamefundishwa na wajukuu." Akaniuliza kama lile kabati haliwezi kuwa la karatasi. Nikasema linaweza. Alimtuma mtoto dukani akarudi na kaunta buku kwaya mbili, akaifungulia gotini palepale, kalamu akaikung'uta mara mbili mpaka ikaandika.

"Haya, kaka, taja. Kideri siku ya ngapi?"